Kabla hujalipia tua ya vita kule Taita Taveta, uliza kuhusu wapagazi

Kama unapanga kwenda kuona mahali Waingereza na Wajerumani walipigania vita ya kwanza ya dunia kule Taita Taveta, nenda, mimi nakwambia nenda kabisa, lakini kabla hujamtumia mtu pesa muulize swali moja: habari za wapagazi, wale Waafrika waliobebea jeshi mizigo, tutazisikia wapi? Akibabaika tafuta mwingine.

Tua niliyolipia mimi ilikuwa na gari safi, chakula kizuri na mwongozaji anajua tarehe zote. Pale Salaita akatueleza vile tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walishambulia hicho kilima wakidhani ni kazi rahisi, wakarudishwa mbio, ikabidi Wabaluchi wa jeshi la India ndio wawazuie Wajerumani. Makaburi ya Taveta tukayaona, yamefyekwa vizuri, mawe yana majina. Tukaambiwa ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na ile hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa anadungua watu kutoka ndani ya mbuyu, hiyo wageni wanaipenda sana. Mpagazi hata mmoja hakutajwa siku nzima.

Na hao ndio waliobeba hiyo vita jamani! Waingereza walichukua watu kwa malaki, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi kichwani kwa sababu mbung'o walikuwa wanamaliza farasi na nyumbu na barabara za magari hakuna. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara damu, malaria na chakula kibovu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali kwamba Waafrika wengi sana hawakuandikwa jina popote, ikaomba msamaha, na serikali ya Uingereza pia. Halafu leo mtu anauza tua ya hiyo vita bila kuwataja? Inaniuma.

Kwa hivyo kabla ya safari kaa na wazee wa kwenu uwaulize kama kuna babu alichukuliwa, familia nyingi Kenya hii ziko na hiyo habari ila hakuna anayeuliza. Ukifika usijifungie loji. Shuka Maktau ama Taveta sokoni, uliza mzee anayejua vilima vya hapo, atembee na wewe na umlipe sawa na vile ungemlipa mwongozaji wa kampuni, na chakula ule hapo hapo. Watoto wakikuletea maganda ya risasi usinunue hata ukiwaonea huruma vipi, ukinunua leo kesho wanarudi kuchimba na huko chini kunaweza kuwa na kitu hakijalipuka. Nunua ndizi za mama zao, Taveta ndizi ni tamu.

Na nyinyi wenye kampuni, malipo ya huyo mzee yawekeni ndani ya bei kutoka mwanzo na yaandikwe kwa risiti, isiwe ni kitu mgeni anatoa mfukoni akijisikia.