Mtego wa hatua nne unamnasa asiyejua tu

SWALI: Mwalimu, nipo Uyole, Mbeya. Jumamosi huwa nacheza chesi na mzee mmoja pale Mwanjelwa, naye hunifunga kila mara. Nimelipia somo la WhatsApp la "kumfunga yeyote kwa hatua nne", lakini juzi nikafungwa vibaya kuliko siku zote. Tulianza hivi, mimi nikiwa na kete nyeupe (Q ni malkia, N farasi, B askofu, bila herufi kubwa ni askari; e4, h5 na kadhalika ni nyumba za ubao): 1. e4 e5 2. Qh5 Nc6 3. Bc4 g6 4. Qf3 Nf6. Nilikosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, mtego uliutega kama ulivyofundishwa. Ubovu ni wa mtego wenyewe. Malkia na askofu wako wanailenga f7, nyumba iliyo kando ya mfalme wake, na mtego unamnasa asiyejua kwamba nyumba hiyo inalindwa na mfalme peke yake, na mzee wako anajua. Tazama ubao baada ya hatua ya nne: yeye ana farasi wawili nje, wewe malkia wako amekalia f3, nyumba ambayo farasi wako ndiye aliyeihitaji. Sasa farasi wake wa c6 akiruka d4, anamtishia malkia na c2 kwa mpigo. Ukizubaa anakula c2 kwa cheki, yaani anamshambulia mfalme wako na ngome kwa pamoja; mfalme lazima akimbie, na ngome yako ya a1 imekwenda.

Maswali ya namna hii yananifikia kutoka Mafinga, Njombe, Tukuyu, na karibu kila anayeuliza ameshalipa. Inaniudhi sana, kwa sababu wauzaji wanajua kabisa kwamba askari akisukumwa g6, kisha farasi akitoka f6, somo lao limeisha. Wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto aliyezoeshwa kumtoa malkia mapema huwafunga wenzake darasani, kisha anakutana na anayejua kujikinga, anapigwa, anaamini hana kipaji na kuacha mchezo.

Kufungwa na aliyekuzidi ni kawaida. Kwa kanuni ya Elo ya kupima uwezo wa wachezaji kwa alama, ambayo FIDE, shirikisho la chesi la dunia, inaitumia tangu 1970, akikuzidi alama 400 anatarajiwa kupata kama pointi 10 katika kila michezo 11. Pengo hilo halizibwi kwa kukariri hatua nne.

Andika kila mchezo mpaka mwisho, halafu tafuta ni wapi uliachia kete bure. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, haina malipo, hata uchambuzi wake. Tena mwombe mzee, mkimaliza, mrudishe kete nyuma akuonyeshe alichokiona; shikamoo yako na daftari vinatosha. Jumamosi ijayo ukianza na e4, toa farasi f3, kisha askofu, umhamishe mfalme g1 kwa hatua moja pamoja na ngome. Malkia abaki d1 mpaka hapo.