Barua kwa mwanangu: wale bibi wa Chernobyl

Mwanangu Neema,

Umeona picha za wale bibi wanaolima viazi karibu na Chernobyl, ukaniuliza: "Baba, hawajui kuna mionzi, au hawajali?" Wanajua, mama. Wanajua kuliko mimi na wewe.

Nilikuwa nasoma Kiev, mji mkuu wa Ukraine, kinu namba 4 cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Mei Mosi watu waliandamana mjini kama kawaida, watoto wamebebwa mabegani. Siku chache baadaye magari ya maji yakawa yanaosha barabara tangu alfajiri, na mlangoni mwa bweni letu likawekwa tambara bichi la kufutia viatu, vumbi lenye mionzi lisiingie ndani.

Septemba akaja mfagizi mpya, mama mtu mzima aliyehamishwa kijijini kwao, ndani ya zile kilomita 30 kuzunguka kinu ambako watu wote waliondolewa. Waliambiwa wachukue vitu vya siku 3. Mbwa wake alimwachia sufuria ya viazi, akakadiria vitamtosha siku hizo. Kila akinisimulia, alinionyesha kwa mikono ukubwa wa ile sufuria.

Yeye aliiona njaa kuu ya 1933, akaiona na vita vya Hitler. Mionzi haina rangi wala harufu. Njaa aliijua sura yake. Mwaka uliofuata akaamua kurudi kwao kwa njia za msituni. Waliorudi hivyo walifika kama 1,200, wengi wanawake wazee.

Sina la kumlaumu. Kinachoniuma hadi leo ni watoto. Iodini yenye mionzi ilitua kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, nayo ikajikusanya kwenye tezi ya shingoni. Iodini ile hupungua nusu kila baada ya siku 8! Wazazi wangeambiwa mapema waache maziwa ya nyumbani kwa wiki chache tu, watoto wengi wasingepata saratani. Walifichwa ukweli. Sesiamu, kitu kingine chenye mionzi kilichotoka kinuni, ndiyo ya kukaa, miaka 30 kupungua nusu, na uyoga wa misitu ile bado ni wa kuogopwa.

Ningekuwa na mamlaka, watoto ningewahamisha hata kwa kuwabeba mgongoni. Wazee ningewapelekea mkate, dawa, na mtu wa kuwapimia maziwa.

Siku ya kuaga, yule mama alikuwa na mfuko wa mikate mikavu. "Ya mbwa," akaniambia. Askari walikuwa wameshapita vijijini wakipiga risasi mbwa walioachwa. Nilijua, na sikuweza kumwambia.

Baba yako