Maswali yenu ya kompyuta: Kijachini kinagoma kutokea kwenye slaidi

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nina prezentesheni ya PowerPoint, slaidi kama 40 hivi, bosi anataka jina la idara litokee chini ya kila slaidi pamoja na namba na tarehe. Nikaingia Slide Master nikaandika jina palepale chini penye neno Footer (kijachini), nikafunga, narudi kwenye slaidi hola. Nimerudia weee, bado. Halafu kuna slaidi nilichukua kwa mwenzangu, zina jina la idara yao na ukilibonyeza halishikiki kabisa. Nifanyeje, au nikopi tu kiboksi kimoja nikipesti kwenye slaidi zote? Nawasilisha kesho. – Mwenye haraka

JIBU: Usipesti ndugu yangu. Leo utamaliza, ila siku bosi akisema jina liongezwe neno moja utapita slaidi moja moja kulibadilisha na mbili tatu lazima zitakuponyoka.

Ulichofanya kwenye Slide Master, yaani slaidi mama inayopanga sura ya slaidi zote, si kibaya, ila kile kisanduku cha Footer kule ni cha kupanga sura tu, yaani kikae wapi, fonti gani, rangi gani, saizi gani. Hakiwashi kitu kwenye slaidi. Cha kuwasha kiko kwenye Insert, halafu Header & Footer, hapo kinafunguka kidirisha, weka tiki kwenye Footer uandike jina la idara, weka tiki kwenye Slide number na Date and time, kisha bonyeza Apply to All. Ukibonyeza Apply peke yake inaingia kwenye slaidi ulizochagua tu, na hii wengi wanaipita bila kuiona halafu wanalalamika programu imeharibika. Ina faida yake lakini, maana ukishika Ctrl ukachagua slaidi nne za sehemu ya bajeti unaweza kuzipa maneno tofauti na zingine.

Kwenye tarehe angalia kitu kimoja. Ukichagua Update automatically itabadilika kila siku faili linapofunguliwa, sasa mtu akifungua mwezi ujao ataona tarehe ya mwezi ujao, wakati wewe uliwasilisha mwezi huu. Kwa kazi ya ofisi mimi nachagua Fixed na kuandika tarehe mwenyewe.

Kama umefanya yote hayo na baadhi ya slaidi bado ziko tupu, basi leauti (mpangilio) ya hizo slaidi haina nafasi ya kijachini, kuna mtu alikifuta huko nyuma au templeti ilitengenezwa hivyo. Rudi View, Slide Master, upande wa kushoto kuna slaidi kubwa juu na ndogondogo chini yake, hizo ndogo ndo leauti. Bonyeza ile inayotumika (ukiiwekea mshale inakwambia inatumika na slaidi namba ngapi), halafu pale juu weka tiki penye Footers. Funga, rudi tena kwenye Header & Footer ubonyeze Apply to All upya. Hiyo hatua ya mwisho usiiruke, bila hiyo slaidi zilizokwishatengenezwa hazipati kitu.

Sasa hizo za mwenzako. Maandishi yasiyoshikika kwenye slaidi maana yake yameandikwa kwenye master, na ulipopesti kwa Keep Source Formatting (kubaki na sura ya zilikotoka) ulikuja na master yao nzima. Shuka chini kule Slide Master utaikuta ya pili imejikalia. Njia fupi ni kurudi kwenye mwonekano wa kawaida, chagua hizo slaidi, nenda Home, Layout, uchague leauti ya kundi la kwako, jina lao litaondoka. Picha au vichwa vinaweza kusogea kidogo, kwa hiyo zipitie kwa macho kabla ya kesho.

SWALI: Nimetiki Don't show on title slide lakini namba bado inatokea kwenye slaidi ya kwanza, halafu nataka ya pili ndo isomeke 1.

JIBU: Hiyo tiki haiangalii slaidi ya kwanza, inaangalia leauti inayoitwa Title Slide. Kama ya kwanza uliitengeneza kwa leauti tupu au nyingine yoyote, PowerPoint haijui kama hilo ni jalada. Ibadilishe leauti iwe Title Slide, au ichague peke yake, fungua Header & Footer, toa tiki zote, Apply. Na ukitumia Title Slide tena katikati kutenganisha sehemu, nazo zitakosa kijachini, usishtuke. Kuhusu kuhesabu nenda Design, Slide Size, Custom Slide Size, pale Number slides from weka 0. Jalada linakuwa 0 isiyoonekana na inayofuata inakuwa 1.

SWALI: Naweza kuweka namba kama "3 kati ya 20"? Na kwenye Google Slides mbona sioni Footer popote?

JIBU: PowerPoint haina kitu cha kuhesabu jumla yenyewe. Ingia kwenye leauti, kwenye kisanduku cha namba utaona alama ‹#›, hiyo usiiguse, andika mbele yake "kati ya 20" kwa mkono kisha toa namba kwa Header & Footer na kuirudisha ili ishike. Fanya mwisho kabisa, maana ukiongeza slaidi moja ile 20 inabaki 20. LibreOffice Impress, programu ya bure ya slaidi, ndo iko vizuri hapa, kwenye Insert, Field kuna Slide Number na Slide Count, jumla inajibadilisha yenyewe.

Google Slides ina namba tu, Insert, Slide numbers, na ukitaka jalada lirukwe tiki Skip title slides. Jina la idara liandike kwenye boksi la kawaida ndani ya master, unaingia kwa Slide, Edit theme. Huku likishawekwa linatokea lenyewe kwenye slaidi, hakuna Apply ya kukimbizana nayo.