Mwanangu, uliniuliza kama Utanzania wetu ni propaganda

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema chuoni mlibishana, mwenzenu kadai Utanzania ulipikwa na redio wakati wa vita ya Kagera, ukaniuliza, mama wewe ulikuwepo, ni kweli?

Kwa sehemu kubwa ni kweli, na sioni aibu kukwambia.

Nilikuwa darasa la tano. Jeshi la Idi Amin, mtawala wa Uganda, liliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin akatangaza ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likalipuliwa. Sisi wengine Kagera yenyewe hatukuijua hata kwenye ramani. Afu Novemba Mwalimu Nyerere akaongea, kazi ni moja tu, kumpiga, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Babu yako alianika betri za redio juani mchana kutwa zisije zikazima katikati ya hotuba, uwanja umejaa majirani, mpaka wale waliokuwa bado wana kinyongo na serikali kwa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sasa isikilize hiyo "tunao". Kabla ya hapo ukisema "sisi" pale kwetu ni ukoo, ukizidi sana kabila, na Muungano wenyewe ulikuwa na miaka 14 tu. Jioni ile mzee ambaye hajawahi kuvuka wilaya yake nilimsikia anasema "katuingilia", yaani kaingiliwa yeye, na haukupita muda watu wakaanza kutoa ng'ombe kwa ajili ya jeshi, vijana wa mgambo wakaondoka.

Lakini mwambie mwenzako redio haikuzua uvamizi, watu wa kule walikuwa wanakimbia kweli, wanauawa kweli. Ndo maana maneno yalishika.

Halafu kuna kitu naona mmekiruka. Adui alipewa jina, nduli, tukalikariri hadi kwenye michezo ya watoto, na lilikuwa jina kali, mtu ukishamwita nduli humfikirii tena kama binadamu, hilo linanisumbua hadi leo. Ila jina lilikuwa la mtu mmoja. Mwalimu alisisitiza ugomvi ni na Amin, sio na Waganda, na Machi 1979 Waganda waliokimbia nchi yao wakakutana Moshi kupanga serikali itakayokuja. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hotuba zote. Wangetufundisha kumchukia kila Mganda, huo Utanzania ungekuwa sumu, na Wahaya walio mpakani wenye undugu na watu wa upande wa pili wangeishije?

Ila nisikufiche, redio ilichagua pia cha kunyamazia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipotekwa tulicheza ngoma mpaka usiku. Mama mmoja jirani yetu, mwanae alienda na mgambo, kila jioni alikuwa anakuja kukaa karibu kabisa na redio akingoja labda watataja majina, na majina hayatajwi, ni ushindi tu na nyimbo. Usiku ule wa ngoma alikuja pia. Alisikiliza taarifa ya habari yote, akajifunga kanga vizuri, akarudi kwake, na kijana hakurudi hadi leo. Bibi yako alinituma nimpelekee uji asubuhi, nikamkuta anafagia uwanja.

Mama yako