Kabla ya kuchapa posta, soma saa iliyoandikwa kwenye kibali

Shoo yangu ya kwanza ya muziki wa jukwaani, hapa Dar es Salaam, niliingia nayo kifua mbele. Barua ya mwenye uwanja ninayo, kibali ninacho, jenereta linanguruma. Msanii mkubwa akapanda saa tano na dakika arobaini. Ilipogonga saa sita kamili askari wawili wakamfuata fundi mitambo, wakamwonesha mstari mmoja kwenye kibali changu mwenyewe: mwisho saa sita usiku. Wimbo wa tatu haukufika hata kiitikio. Watu wakadai hela zao, na walikuwa na haki.

Tangu siku ile napanga ratiba kinyumenyume. Naanzia saa ya kufunga iliyo kwenye kibali, natoa nusu saa ya kuwatoa watu getini, ndipo natafuta msanii mkubwa apande saa ngapi. Wasanii wachanga wakichelewa, nyimbo zinapunguzwa kwao.

Makaratasi yenyewe yana ngazi zake, usiziruke. Huanza na barua ya mwenye eneo, ikifuatiwa na ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo unapanda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, na polisi wa wilaya nao wajue idadi ya watu unaowatarajia na ulinzi ulioupanga. Promota anatakiwa pia awe amesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Ukimleta msanii kutoka nje ya nchi, kibali cha BASATA ndicho cha kushika kwanza, kabla ya kumtumia advansi. Na usichape posta ukiwa na ahadi ya mdomo tu. Nimeshazibandua posta mia mbili kwa mikono yangu, mvua inanyesha.

Kinachoponza wengi ni kelele. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, zinatenganisha mchana na usiku, na usiku viwango vinabana zaidi. Mei 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi za starehe kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo usidhani kibali cha onesho kinakupa ruhusa ya kutikisa madirisha ya watu. Geuza spika zitazame upande usio na nyumba. Kisha pita nyumba kwa nyumba mwenyewe, usimtume kijana wa bodaboda.

Kwenye mkataba wa msanii na wa ukumbi, weka kifungu cha kuahirisha. Machi 2021 taifa liliingia kwenye maombolezo ya siku 21 baada ya kifo cha Rais Magufuli. Wenye kifungu hicho walikuwa na pa kuanzia mazungumzo, wengine tukabaki kubembelezana kwa simu.

Nyumba ya tatu kutoka uwanja ule anaishi bibi mmoja ambaye, nilikuja kujua, ndiye aliyepiga simu polisi usiku ule. Siku hizi nikiandaa shoo naanzia kwake, kabla hata ya kwenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Safari hii mnamaliza saa ngapi?"

"Saa tano na nusu, bibi."

"Saa yangu iko mbele dakika kumi, ujue."