Swichi sita, faili moja

Msimu wa korosho ukishachanganya hapa Mtwara, hakuna anayetaka kusikia kwamba mtandao umekata. Mwaka huo nilikuwa natunza mtandao wa ghala moja nje kidogo ya mji: swichi sita, yaani visanduku vya kuunganishia waya za kompyuta na vifaa vingine, kuanzia ofisi ya mizani na ya wahasibu mpaka kibanda cha walinzi getini. Usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na swichi ya ofisi ya mizani ikafa palepale. Haikuwaka hata taa moja.

Asubuhi na mapema meneja akanipigia.

"Fundi, si ulisema vitu vyote umeshavihifadhi?"

"Vipo mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Nakuja."

Nilijiamini kweli. Swichi ya akiba ninayo, modeli ileile. Na wiki tatu nyuma nilizizungukia zote sita, moja baada ya nyingine, nikanakili konfigi zake, yaani mafaili ya mipangilio, kwenye laptopu yangu. Nikaketi mezani kwa mhasibu, nikafungua folda. Mlikuwa na faili moja tu. Jina lake switch-confg.

Siku mbili nilikuwa napiga magoti chini ya meza, nafuata waya mmoja mmoja kujua upi ni wa mizani, upi wa printa, upi wa kamera. Malori yamepanga foleni nje, na kila baada ya nusu saa kuna mtu anachungulia mlangoni kuuliza kama bado.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Kwenye swichi za Cisco, ukiandika "copy running-config tftp:", yaani nakili mipangilio inayofanya kazi uipeleke kwenye kompyuta kwa njia ya TFTP, swichi inakuuliza anwani ya IP ya kompyuta inayopokea, halafu inakupendekezea jina la faili. Jina hilo inalitoa kwenye jina lake yenyewe na kumalizia na "-confg". Swichi ambayo hujaibatiza inaitwa Switch, kama ilivyotoka kiwandani, na zangu zote sita zilikuwa hazijabatizwa. Mimi nikawa nabonyeza Enter tu huku napiga soga na mlinzi. Kila faili likaja kulifuta lililotangulia. Lililobaki ni la swichi ya mwisho, ile ya getini, yenye kamera mbili na simu ya mlinzi.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kitu kingine chochote, swichi inapewa jina kwa amri ya "hostname". Faili nalo nalipa jina mimi: mahali, chumba, kisha tarehe ikianza na mwaka, mfano ghala-mizani-2025-03-14. Ukitanguliza mwaka, folda inajipanga yenyewe kwa mfuatano. Kisha nalifungua na kulisoma, angalau mistari ya juu, nione jina la swichi ndilo lenyewe. Hiyo ni nusu dakika tu.

Kuhusu TFTP yenyewe, ni njia nyepesi na ya kizamani ya kuhamisha mafaili, inapita UDP poti 69 (hapa poti ni namba ya mlango wa mtandao ndani ya kompyuta, si tundu la waya). Kwenye Windows mimi natumia Tftpd64, programu ndogo ya bure. Ukiona swichi inachapa nukta, nukta, nukta, halafu inakuambia muda umeisha, usikimbilie kuilaumu. Piga ping kwanza, yaani jaribu kama swichi na kompyuta zinafikiana. Ping ikipita na nukta zikaendelea, mara nyingi ni fayawoli, ulinzi wa mtandao wa Windows, imezuia hiyo poti. Mambo yakiwa sawa, alama za mshangao zinatokea kwenye mstari, !!!, na mwisho unaambiwa OK pamoja na idadi ya baiti. Faili la konfigi ni dogo mno, kilobaiti chache tu, kwa hiyo usitegemee kusubiri.

Sasa kurudisha. Hapa ndipo nimewaona vijana wengi wakiumia, na wengine ni wazuri kuliko mimi kwa mambo mengine.

Swichi ina konfigi mbili. Running-config ndiyo inayofanya kazi sasa hivi na inakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika inapotea. Startup-config ndiyo iliyohifadhiwa, swichi inaisoma inapowaka. Ukileta faili lako kutoka kwenye laptopu na kulimwaga kwenye running-config, halifuti kilichokuwepo. Linachanganyika nacho. Mstari ulio kwenye faili unaingia, na mstari wa zamani ambao faili lako halikuugusa unabaki pale pale. Unapata uji uliomwagiwa mchuzi. Mtandao unaweza kufanya kazi wiki nzima, halafu siku moja poti fulani, tundu la waya la swichi, inafanya vituko na hujui vimetoka wapi.

Mimi napeleka faili kwenye startup-config, "copy tftp: startup-config", halafu "reload", yaani kuizima na kuiwasha upya. Na shika hili: ukiandika reload, swichi inaweza kukuuliza kama uhifadhi mabadiliko. Jibu ni no. Ukisema yes, running-config ya zamani inaandikwa juu ya faili ulilolileta sasa hivi, na kazi yote imekwenda na maji. Vidole vimezoea kusema yes, vizuie.

Swichi ikishawaka, kuna mawili yanayoweza kukuacha mdomo wazi. La kwanza ni VLAN, yaani mitandao midogo unayoigawa ndani ya swichi. Swichi ikiwa kwenye VTP server (VTP ni njia ya Cisco ya swichi kupeana orodha ya VLAN), orodha ya VLAN haikai kwenye konfigi unayoisoma, inakaa kwenye faili jingine liitwalo vlan.dat, ndani ya flash, kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika. Poti zitasema ziko VLAN 20 wakati VLAN 20 yenyewe haipo. Ama unakili na hilo faili, ama uiweke swichi kwenye VTP transparent ili VLAN zionekane ndani ya konfigi. Kwenye mitandao midogo kama ya kwetu huku mimi nachagua transparent bila kufikiri mara mbili. La pili ni funguo za SSH, njia salama ya kuingia kwenye swichi kwa mbali, ambazo haziji na faili. Itabidi uzitengeneze upya kwa "crypto key generate rsa", na siku hiyo utaingia kwa waya wa konsoli, unaochomekwa moja kwa moja kutoka laptopu hadi kwenye swichi. Tena waya huo uutunze ndani ya mfuko wenye kufungwa. Kwa sisi wa Shangani na Mikindani, chumvi ya bahari inakula vyuma taratibu tu hujui.

Jambo jingine linanikera, niliseme. Mafundi tunatumiana konfigi za wateja kwenye makundi ya WhatsApp, "wakuu nisaidieni kuangalia hii". Humo ndani mna nywila. Zile zilizoandikwa na namba 7 mbele zinafumbuliwa kwa sekunde chache na tovuti yoyote ya bure. Kama lazima utume, futa kwanza mistari ya nywila. Na TFTP haina nywila wala haifichi chochote kinachopita, itumie ukiwa umechomeka waya wako mwenyewe kwenye swichi. Faili likipita kwenye mtandao wa watu tumia SCP, inayopita ndani ya SSH.

Namalizia na safari ya Lindi. Nilikuwa nyumbani Mtwara, jioni ya Jumamosi, nikaingia kwa mbali kwenye swichi ya ofisi moja kule Lindi nirekebishe poti. Nikarekebisha poti ileile niliyokuwa nimepitia kuingia. Skrini ikaganda. Nikampigia mlinzi, nikamwomba achomoe waya wa umeme wa kile kisanduku kisha auchomeke tena.

"Kaka, nisamehe. Vitu vya kompyuta mimi siviwezi, nitakuja kuambiwa nimeharibu."

Jumapili nikapanda basi. Zaidi ya kilomita 100. Nikachomoa waya, nikauchomeka, na kwa kuwa nilikuwa sijahifadhi mabadiliko, startup-config ikasomwa upya na kila kitu kikarudi. Dakika tano. Nilirudi na fungu la ming'oko kumtuliza mke wangu.

Siku hizi kabla sijagusa swichi iliyo mbali nahifadhi iliyopo, halafu naandika "reload in 10". Nikifanya kazi salama naandika "reload cancel", ndipo nahifadhi. Nikijikata mwenyewe, nakwenda kuchemsha chai. Dakika 10 zikiisha swichi inajizima na kuwaka yenyewe na konfigi ya zamani, na mlinzi hana habari.