Chai ya mchaichai isiyo chungu

Dada yangu wa Jinja, umeuliza kwa nini chai yako ya mchaichai huwa chungu ukiiwekea barafu. Nadhani unayaacha majani ya chai ndani ya maji ya moto hadi yapoe. Chuja baada ya dakika 3 hadi 5. Ukitaka ya barafu, zidisha majani, si muda, kwa kuwa barafu ikiyeyuka huizimua.

Mimi hupendelea kuiloweka: vijiko vidogo 4 vya majani ya chai kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kisha ndani ya friji usiku kucha. Maji baridi hutoa ukali polepole, hivyo harufu ya mchaichai husikika vizuri. Sukari huchelewa kuyeyuka humo. Ikoroge kwanza katika maji ya moto kidogo.